Mwanangu wamemsusa bweni zima, shule ndogo hana pa kukimbilia. Nimhamishe au nimwache?

MamaTatu

Wapendwa habari za saa hizi. Naombeni ushauri na msinitolee povu maana nililonalo linanitosha.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya wasichana ya masista huko milimani Usambara, jina siliweki. Ni kashule kadogo kweli, wote kwa ujumla hawafiki 140, darasa lao wako 31 na wanalala bweni moja. Tulimpeleka kule makusudi kwa ajili ya huo udogo, maana mdogo wangu alisoma mahali darasa lina watoto 90 mwalimu hamjui mtu kwa jina, nikasema wangu aende sehemu ambayo akikohoa usiku kuna mtu atasikia. Na mwaka jana wote mambo yalikuwa mazuri tu, alikuwa na mama yake wa shule, dada mmoja wa kidato cha nne, alimshika vizuri sana, akajua kufua, akajua kudeki, karudi likizo ananiambia mama shuka haikamuliwi hivyo.

Sasa tangu wafungue baada ya ile likizo ya mwezi wa nne hali imegeuka. Simu tunaongea Jumapili kwa simu ya matroni, dakika tano tano na nyuma kuna foleni, wazazi wenzangu mnajua. Jumapili ya kwanza alikuwa kimya kimya, ya pili analia, ya tatu akaniambia "mama mi huku sina mtu". Nikampigia matroni ndo naambiwa kuna simu ilikamatwa bwenini, kiswaswadu, kilikuwa ndani ya pakiti ya pedi, wasichana wanne wakarudishwa nyumbani wiki mbili, na wenzao wanaamini aliyechoma utambi, yaani aliyewasemea, ni mwanangu. Basi wamemsusa. Akikaa mezani wanahama na sahani zao. Analala kitanda cha chini kwenye dabo deka, wa juu yake kahama kaenda kubanana na mwenzake kitanda kimoja kuliko kulala juu ya huyu. Wanamwita Kipaza.

Baba yake anasema anaenda kumchukua Ijumaa hii hii. Mi nasita. Siku ya wazazi ni wiki mbili zijazo. Waliosoma shule ndogo za bweni naombeni mniambie, hii inapitaga au ndo imetoka hiyo?

---

Kisiki cha Mpingo

Mtoe leo. Baba yake yuko sahihi, wanaume tukiongea mnaona tuna haraka. Mtoto analia Jumapili tatu mfululizo unasubiri siku ya wazazi ya nini, ada inarudi mtoto harudi.

---

Dereva wa Nusu Siku

Ada gani inarudi mkuu, hebu tuambie hiyo shule inayorudisha ada mwezi wa tano na sisi tukaombe nafasi.

---

njuka_mstaafu

Dada MamaTatu pole sana. Nimesoma shule kama hiyo hiyo, nyanda za juu kusini, tulikuwa 112 shule nzima, na nitakwambia pande zote mbili maana hapa utaambiwa bweni ni jela na mwingine atakwambia bweni ndo limemfanya mtu.

Uzuri wake kwanza. Sisi Waislamu tulikuwa sita tu, Ramadhani sista mwenyewe ndo alikuwa anatuamsha daku, anakuja na tochi na sweta lake juu ya gauni la kulalia anagonga kitanda taratibu asiwaamshe wengine, na chai ameshachemsha. Baba yangu alivyofariki nilikuwa kidato cha tatu, sikuambiwa kwa simu, sista alinipakia kwenye pikapu ya shule usiku mpaka nyumbani akakaa msibani siku mbili. Shule ya watu 900 nani angefanya hivyo. Ukiacha chakula mara mbili jikoni wanajua. Ukipata hedhi ya kwanza kabla ya prepu, kufika taa kuzimwa una pedi kutoka kwa watu saba.

Ubaya wake ni huo huo. Hakuna kitu kinasahaulika. Mi wiki ya kwanza ya unjuka, yaani bado mgeni shuleni, nilikojoa kitandani, baridi ya kule na uoga wa kwenda chooni nje usiku, basi nikaitwa Mvua. Miaka minne Mvua. Nina watoto wawili sa hizi na kwenye grupu letu la watsap mpaka leo mtu anakuja "Mvua za siku?" Shule kubwa ukiharibu bweni moja unahamia lingine unaanza upya, shule ndogo unaanza upya wapi, watu ni wale wale mstarini, wale wale kwenye misa, wale wale kwenye ukoko.

Sasa kuhusu kususwa, mi niko upande mbaya wa hii habari, nilikuwa kati ya waliosusa. Kidato cha pili kuna mwenzetu tulimshuku kampelekea mwalimu wa nidhamu majina ya waliochungulia karatasi ya jaribio. Hatukumpiga, hatukumtukana, tuliacha tu kumuona. Yaani anaongea na wewe unaangalia ukutani. Ilienda karibu mwezi na nusu. Matroni alituweka kikao, tukalia wote, tukakumbatiana, kesho yake tukaendelea pale pale.

Kilichomaliza ni maji. Pampu iliharibika tukawa tunateka chini bondeni, kila mtu ndoo yake ya lita 20. Kama umewahi kuteka maji unajua ndoo ya lita 20 ikijaa hujitwishi mwenyewe, lazima mtu akutwishe. Basi yule alikuwa anajaza ndoo anasimama pale na kata yake kichwani, tunapita, tunatwishana sisi kwa sisi tunaondoka. Alikuwa anamwaga nusu ndo ajitwishe, anarudi mara mbili, anachelewa uji. Siku ya tatu nilichelewa mimi, nafika wote wamepanda, tumebaki mimi na yeye na ndoo mbili zimejaa. Sikumuonea huruma, nisikudanganye, nilihitaji wa kunitwisha. Akanitwisha, na mimi nikamtwisha. Tukapanda kimya mpaka juu. Wenzangu walivyotuona tunafika pamoja waliniangalia vibaya siku mbili tatu hivi, halafu mwingine akaongea naye, halafu ikaisha na hakuna aliyesema imeisha.

Kwa hiyo inapita, ila sio kwa vikao. Muombe matroni asiitishe kikao chochote. Aangalie ratiba ya zamu, jikoni, kuni, zizi kama wana ng'ombe, ampange na mtu mmoja tu ambaye sio kiongozi wa lile kundi, kazi ya watu wawili isiyofanyika na mmoja.

---

Mzee wa Nzega

Mimi watoto wangu wote kutwa. Sijawahi kuelewa mzazi ana nyumba, ana kitanda, anamlipa mtu mwingine amlalie mtoto wake. Serikali yenyewe 2023 ilitoa waraka hakuna bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, mngejiuliza kwa nini.

---

njuka_mstaafu

Mzee wangu shikamoo, huyu ni kidato cha pili sio darasa la pili. Na sio wote tunakaa kilomita moja na shule, wengine kutwa maana yake ni mtoto wa kike miaka 14 kwenye daladala saa kumi na moja alfajiri kuna giza, konda anamshika mkono. Kila mtu achague sumu yake.

---

Bi Matroni

Nimekuwa matroni miaka 17, shule mbili, zote wasichana. Sasa nimestaafu nalima tangawizi.

Huyo njuka kaeleza vizuri habari ya zamu na mimi naiunga mkono, nimeifanya mara nyingi. Mwanangu MamaTatu, mpigie matroni mwenzangu umuulize mambo matatu tu, usimuulize "anaendeleaje" maana atakwambia vizuri. Muulize anamaliza sahani? Usiku anaamka mara ngapi? Na wiki hizi kaenda sikibei, chumba cha wagonjwa, mara ngapi na kwa ugonjwa gani? Mtoto mpweke haji kwa matroni kusema mimi mpweke, anakuja anaumwa tumbo. Leo tumbo, keshokutwa tumbo, unampa dawa ya minyoo mpaka minyoo yenyewe inachoka.

Na hili la pili, bweni likiwa na kisasi cha namna hiyo halafu mitihani inakaribia, watoto hawalali, hapo ndo mnasikiaga shule fulani wasichana wameanguka mapepo. Nimeyaona mara nne. Anaanguka mmoja, tena mara nyingi yule mwenye mzigo moyoni, wakikusanyika kumtazama na maombi ya kelele, kufika jioni wako kumi na wawili wanapiga mayowe. Dawa yake ni kumtoa yule wa kwanza kimya kimya, umlaze peke yake na mtu mmoja, na wengine wapelekwe uwanjani wakimbie au walale. Mkuu wa shule mmoja nilimwambia hivyo akaita wachungaji watatu, tukafunga shule wiki nzima.

Lakini mama, kuna kitu hujakisema. Wasichana 31 hawaamki tu wakachagua mtu. Kwa nini yeye? Hiyo simu ilikuwepo bwenini tangu lini, na sista aliambiwa na nani?

---

Kisiki cha Mpingo

Bi Matroni umenikosha na hiyo ya minyoo 😂 Ila swali lako zito, mleta mada aje ajibu.

---

MamaTatu

Nimelisoma hilo swali la Bi Matroni tangu jana jioni nikazima data.

Ni mimi.

Likizo ya mwezi wa nne tulikuwa tunachambua mchicha mi na yeye, akawa ananisimulia mambo ya shule, anacheka, ndo akaniambia kuna wenzake wana kisimu wanakodishana, dakika kumi kwa pakiti ya biskuti au kwa kufuliwa soksi, wanawapigia mama zao tu na mmoja ana kamvulana Tanga. Nikacheka naye. Siku ya kufungua nampigia sista mkuu kumwambia mtoto yuko njiani na ada nimemalizia, kwenye maongezi nikasema, tena kwa wema jamani, sista muwe mnakagua masanduku vizuri nasikia simu zinaingia. Akaniuliza bweni gani. Nikamwambia. Nilidhani nasaidia, huyo wa kamvulana ningekuwa mama yake ningependa kujua.

Sista hakutaja jina, naamini hakutaja. Lakini walivyoshuka tu wakakaguliwa bweni lile moja, mengine hayakuguswa.

Mwanangu hajui ni mimi. Ananiuliza kwenye simu "mama kwani nimefanya nini" na mi namwambia muombe Mungu.

---

Dereva wa Nusu Siku

Duh.

---

njuka_mstaafu

Dada yangu nilikuwa nataka nikutolee povu uliloomba usitolewe lakini nimekumbuka mama yangu na yeye alivyokuwa.

Ila wale watoto hawakukosea hesabu. Taarifa ilitoka kwa mwanao kweli, ilipita kwako tu. Na yeye anakaa anajitafuta kosa halioni. Hilo ndo bovu kuliko hata kususwa, maana mtu akijua kasusiwa kwa nini anaweza hata akakasirika. Mwambie. Uso kwa uso, sio kwenye simu ya matroni na foleni nyuma.

Na mumeo asiende Ijumaa. Akimchukua Ijumaa, bweni zima watasema si mnaona, alikuwa ni yeye, kakimbia. Na ukihama kidato cha pili darasa la wasichana 31 wa mkoa mmoja utawakuta tu chuoni, utawakuta kazini, utawakuta kwenye kikao cha harusi.

---

Bibi wa Moro

Wajukuu zangu, mimi nilisoma Kilakala hapa Morogoro miaka ya 80. Ile iliwahi kuwa ya masista wa Maryknoll ikiitwa Marian College, kabla serikali haijataifisha shule. Gertrude Mongella, yule aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, alipita pale enzi hizo za masista. Sisi tulikuta ni ya serikali, tuko wengi, kutoka kila kona ya nchi, Mhaya analala juu ya Mmakonde. Mimi niligombana na rafiki yangu wa kitanda kwa sababu ya sabuni ya kipande, nikahamia kundi la wasichana wa Singida, basi, yule sabuni sikumuona tena mpaka mahafali. Huo ndio wepesi wa shule kubwa. Lakini niliugua malaria siku nne na hakuna mwalimu aliyejua nimelala.

Mama wewe umekosa kama tulivyokosa wote. Mimi binti yangu nilimsomea barua zake. Alikaa mwaka mzima ananisalimia tu shikamoo, anapita.

---

kidatocha6_mtaani

Shikamoni wakubwa. Mi nimemaliza juzi tu kwa hiyo mambo ya sasa nayajua. MamaTatu kabla ya kuhamisha jua kwamba kidato cha pili wanasajiliwa kwa mtihani wa taifa, akishasajiliwa pale kuhama kuna mlolongo, barua huku barua kule, na shule ndogo hazipendi kuachia mtu, kila kichwa ni hesabu. Zamani Necta, baraza la mitihani, walivyokuwa wanatangaza kumi bora walikuwa wanatenganisha shule zenye watahiniwa chini ya 40 na za 40 na zaidi, zile ndogo zilikuwa zinajulikana kwa hiyo hiyo, mtu mmoja akipata divisheni three wastani unayumba, walikuwa wanakuchuja kidato cha tatu ubaki au uende. Tangu matokeo ya Januari 2023 Necta wameacha kutangaza bora ila tabia bado ipo.

Afu kingine, Kipaza sio jina baya. Kwetu kulikuwa na mtu anaitwa Maiti. Kipaza akijikaza akalikubali akawa anaitikia, wiki mbili linakuwa jina tu. Akilia wakiliita ndo halitatoka.

---

Bi Matroni

Huyu mtoto wa kidato cha sita ana akili.

MamaTatu, siku ya wazazi usimwombee msamaha kwa wenzake, usiende kwa wale wanne na soda. Najua unawaza hivyo. Wazazi wote wanawazaga hivyo. Wakija kujua ni wewe, wajue kwa mdomo wake, akiamua.

---

MamaTatu

Nimerudi. Nimeenda Jumamosi mimi peke yangu, baba yake nimemuomba abaki. Nililala Mombo Ijumaa, asubuhi nikapanda kale ka-Hiace, pale Soni nikamnunulia plamsi na mapeasi dirishani, juu kote ukungu.

Kamekonda. Sweta limekuwa kubwa. Tukakaa nyuma ya kanisa kwenye majani, nikatoa chapati na kuku na kachumbari, kila mzazi na kikundi chake, zamani nilikuwa nikifika wanakuja watoto sita saba "shikamoo mama" wanasubiri waitwe, mara hii hakuja hata mmoja. Nikamwambia. Nilipanga maneno njia nzima, nikaishia kusema tu "ni mimi nilimwambia sista habari ya simu, sikujua".

Hakulia. Alikaa anachana chapati vipande vidogo vidogo hali. Nadhani robo saa. Halafu akasema "kwa hiyo nilichoma kweli." Nikamwambia hapana, nimechoma mimi. Akasema "mama sikwambii kitu tena," kwa upole tu, kama mtu anakwambia mvua inakuja. Sijui kama nimewahi kuumizwa na mtu kwa sauti ndogo vile.

Kwa matroni nilienda na maswali yale matatu. Sikibei mara tano, tumbo. Bi Matroni nilikukumbuka. Nikamuomba la zamu, kumbe wana nguruwe na sungura, akasema anampanga kulisha na msichana mmoja wa kidato hicho hicho aliyehamia mwezi wa kwanza, huyo hayumo kwenye makundi ya watu. Hakuitisha kikao.

Wakati wa kuondoka nikamwambia hiki chakula chukua ukawagawie. Akakata vipande viwili vya kuku akafunga kwenye karatasi, vingine akanirudishia. Nikamuuliza viwili vya nani. Akasema kimoja changu. Nikauliza na cha pili, akaniangalia tu akanyamaza, na mimi nikanyamaza sikuuliza tena.

---

njuka_mstaafu

Vizuri hukuuliza.

---

Kisiki cha Mpingo

Mi bado nasema mtoe. Ila hiyo kuku iliyorudi uliila mwenyewe au ulimpelekea mzee nyumbani?

---

MamaTatu

Nililia nayo mpaka Korogwe nikampa konda.